Mbunge Analipwa Nini Hasa, na kwa Sifa Zipi?

Kila inapokaribia Mei Mosi, na tena wakati wa kusomwa kwa bajeti mwezi wa Juni, mjadala ule ule hurudi katika matatu, vibandani na kwenye simu za Wakenya: mbunge analipwa kiasi gani? Mmoja atasema laki saba na ushei. Mwingine ataapa kwamba ni zaidi ya milioni moja. Wa tatu ataongeza gari, mkopo wa nyumba na safari za ng'ambo, kisha atatoa hesabu isiyofanana na ya yeyote kati ya hao wawili. Jambo la kushangaza ni kwamba wote watatu wanaweza kuwa wanasema kweli, kwa sababu kila mmoja anahesabu kitu tofauti na wenzake bila kujua. Kabla ya kukasirika au kutetea, inafaa kwanza tujue ni shilingi ipi inayozungumziwa.

Tuanze na mshahara wenyewe. Mshahara ni malipo ambayo mfanyakazi huyapata kila mwezi kwa sababu ya cheo chake, awe ametoka nje ya mji au hakutoka. Kwa mbunge wa Kenya, kiwango kilichotangazwa na Tume ya Mishahara na Marupurupu, ambayo wengi huijua kwa herufi zake SRC, kilikuwa shilingi 725,502 kwa mwezi kuanzia Julai 2023. Hiyo ni jumla kabla ya makato, na ndani yake mna fedha za makazi pia. Kinyume chake, kima cha chini cha mshahara kwa kibarua wa kawaida jijini Nairobi, kulingana na viwango vilivyoanza kutumika Novemba 2024, kilikuwa shilingi 16,113.75 kwa mwezi, bila kuhesabu fedha za nyumba. Ukigawanya hesabu hizo utaona kwamba kibarua huyo atafanya kazi miezi 45, yaani miaka mitatu na miezi tisa, ili afikie kile ambacho mbunge huandikiwa kwa mwezi mmoja. Ikiwa ataanza kazi wiki mbunge wake anapoapishwa, muhula wa miaka mitano utakuwa unaelekea ukingoni kabla hajaufikia mshahara wa kwanza wa mwakilishi wake.

Hadi hapo hakuna utata. Mambo huanza kuvurugika tunapofika kwenye marupurupu, ambayo Watanzania huyaita posho. Neno hilo la posho lina historia ambayo wengi wameisahau. Posho ilikuwa mgao wa chakula, hasa unga, aliopewa kibarua au askari pamoja na ujira wake; ndiyo maana hadi leo Mganda husema posho akimaanisha ugali, na Mkenya husema "posho mill" akimaanisha mashine ya kusagia mahindi. Kwamba neno lililotoka kwenye kibaba cha unga cha kibarua sasa linatajwa zaidi pamoja na waheshimiwa ni safari ndefu kidogo.

Marupurupu ya mbunge ni ya aina nyingi. Yapo malipo ya kuhudhuria vikao vya kamati, malipo ya kilomita anazosafiri kati ya Nairobi na eneo bunge lake, malipo ya kulala nje akiwa safarini, bima ya afya, na mikopo ya gari na nyumba kwa riba iliyo ndogo kuliko ile ambayo mwananchi hupewa na benki. Kosa la kawaida ni kuyachukua yote hayo, kuyajumlisha na mshahara, na kuyaita mapato. Kosa la upande wa pili, ambalo wabunge wenyewe hulipenda, ni kuyaita yote gharama za kazi na kusema kwamba hawabaki na chochote.

Njia rahisi ya kutofautisha ni kujiuliza chenji inarudi wapi. Mtoto akitumwa dukani na shilingi 200 kununua unga, na nyumbani wakamdai risiti na chenji, fedha zile hazikuwa zake hata kidogo. Lakini akiambiwa, "Hizi hapa 200, kinachobaki ni chako," basi sehemu ya fedha hizo ni malipo yake, hata kama jina lililoandikwa juu yake ni unga. Dereva wa lori anayepewa mafuta ya kwenda Malaba hajaongezewa mshahara, kwa sababu mafuta yatachomwa na lori. Fedha za kukodi ofisi ya eneo bunge na kuwalipa watumishi wake ni za namna hiyo. Hazimtajirishi mbunge isipokuwa azichepushe. Ila malipo yanayokokotolewa kwa kilomita kwa kiwango maalumu yako kwenye kundi la pili: yeyote anayesafiri kwa gharama ndogo kuliko kiwango kile hubaki na chenji. Haki inamtaka mtu akumbuke pia kwamba mbunge wa Mandera, kule mpakani kaskazini mashariki, na yule wa Westlands, hapo hapo Nairobi, hawana barabara moja, na kwamba kumlipa wa Mandera kama anayeweza kwenda kwa wapiga kura wake kwa miguu kungekuwa uonevu.

Malipo ya vikao ndiyo magumu zaidi kuyatetea, na hapa naomba nisiwe wa katikati. Mwalimu halipwi zaidi kila anapoingia darasani, kwa kuwa kuingia darasani ndiko alikoajiriwa kufanya. Muuguzi haongezewi kitu kwa kila mgonjwa anayemtazama. Kamati ndiyo moyo wa kazi ya Bunge, na ndiko miswada inakochambuliwa na mawaziri wanakobanwa kwa maswali. Kwa hiyo kumlipa mbunge mshahara, halafu kumlipa tena kwa kuketi kwenye kamati, ni kama kumlipa mpishi mara ya pili kwa kuwasha jiko. Mnamo Julai 2017 SRC ilitangaza kuufuta mtindo huo kwa vikao vya Bunge lote, pamoja na ruzuku ya kununulia gari, na kushusha mshahara wa mbunge hadi shilingi 621,250. Vikao vya kamati vilibakishiwa malipo yake.

Kuna fedha nyingine ambazo si mshahara wala si marupurupu, lakini huhesabiwa humo kila siku: Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge, maarufu kama CDF, iliyoanzishwa mwaka 2003. Fedha hizi hujenga madarasa na kulipia wanafunzi karo, na kisheria husimamiwa na kamati ya eneo bunge, si mbunge. Lakini kwa kuwa picha yake iko kwenye ukuta wa darasa, na kwa kuwa yeye ndiye anayekabidhi hundi za karo mbele ya wazazi, wengi huamini kwamba ni fedha zake, wengine wakimshukuru na wengine wakimshuku. Mahakama nazo ziliwahi kuupinga mpango huo. Mahakama ya Juu iliitangaza sheria ya CDF ya mwaka 2013 kuwa kinyume cha Katiba mnamo Agosti 2022, na Septemba 2024 Mahakama Kuu ikafikia uamuzi kama huo kuhusu sheria iliyofuata ya mwaka 2015, sababu mojawapo ikiwa kwamba mtunga sheria na msimamizi wa serikali hapaswi kuwa pia mtekelezaji wa miradi.

Dai jingine linalosikika sana ni kwamba wabunge hawalipi kodi. Dai hili lilikuwa karibu kweli zamani. Kabla ya Katiba ya 2010, mbunge wa Kenya alipokea takriban shilingi 851,000 kwa mwezi, lakini ni shilingi 200,000 tu zilizoitwa mshahara na kutozwa kodi. Zilizobaki ziliitwa marupurupu na zikapita bila kuguswa. Huo ni mfano mzuri wa jinsi jina la malipo linavyoweza kuwa na thamani kuliko malipo yenyewe. Kifungu cha 210 cha Katiba kikafunga mlango huo kwa kupiga marufuku sheria yoyote ya kumwondolea afisa wa serikali kodi kwa sababu ya wadhifa wake. Leo mshahara wa mbunge hukatwa kodi kama wa mtu mwingine yeyote mwenye kipato hicho, na sehemu yake ya juu huangukia kiwango cha asilimia 32.5.

Nani basi hushika kalamu? Wengi husema kwamba wabunge hujipangia mshahara wenyewe. Kabla ya 2010 ilikuwa hivyo, na ndiyo maana waliotunga Katiba mpya waliunda SRC chini ya Kifungu cha 230 na kuipa kazi ya kuweka na kupitia mishahara ya maafisa wote wa serikali, huku ikizingatia kama nchi inamudu gharama hizo. Hata hivyo, kunyang'anywa kalamu hakukupokelewa kwa unyenyekevu. Tume ilipoushusha mshahara wa kuanzia wa mbunge hadi shilingi 532,500 kabla ya uchaguzi wa 2013, wabunge wapya walipiga kura mwezi wa Mei mwaka huo kuyabatilisha matangazo ya tume, ingawa mapema zaidi mwezi huo waandamanaji walikuwa wamewaachia nguruwe mbele ya lango la Bunge kupinga madai yao. Mapatano yaliyofikiwa baadaye yalikiacha kiwango kile cha mshahara mahali pake, lakini yakaja na ruzuku ya gari ya shilingi milioni tano kwa kila mbunge. Kilichozuiwa kupitia mlango wa mshahara kiliingia kupitia dirisha la marupurupu.

Mchezo huo ulirudiwa miaka michache baadaye, pale wabunge walipoanza kupokea posho ya nyumba ya shilingi 250,000 kwa mwezi ambayo SRC haikuwa imeiidhinisha. Hapa ndipo ile hoja ya kwamba mshahara wa jumla tayari una fedha za makazi inapopata uzito, kwa kuwa ilikuwa sawa na mfanyakazi anayeishi kwenye nyumba ya kampuni kisha anadai kodi ya nyumba. Desemba 2020 Mahakama Kuu iliibatilisha posho hiyo na kuagiza fedha zilizokwisha kulipwa, takriban shilingi bilioni 2.8, zirejeshwe.

Kwa hiyo si kweli kwamba mbunge hujipangia mshahara, ila ni kweli kwamba amejaribu zaidi ya mara moja. Tena SRC si kisiwa. Baadhi ya makamishna wake hupendekezwa na taasisi ambazo mishahara ya watu wao itaamuliwa na tume hiyo hiyo, ikiwemo Tume ya Huduma za Bunge, na mwenyekiti wake hupendekezwa na Rais kisha huidhinishwa na Bunge la Kitaifa. Walimu na polisi nao wana nafasi kupitia tume zao, na wafanyakazi kwa jumla kupitia vyama vyao, kwa hiyo uzito haujaegemea upande mmoja tu. Lakini bajeti ya tume hupitia Bunge.

Mwaka 2024 ulionyesha vizuri jinsi mizani hii inavyofanya kazi. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Mei, madaktari waligoma kwa siku 56, na moja ya madai yao makuu lilihusu madaktari wanagenzi, yaani wahitimu wa udaktari wanaofanya mwaka wa mafunzo hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu. Mkataba wa 2017 uliwapa takriban shilingi 206,000 kwa mwezi; serikali ikasema inaweza kutoa 70,000, kwa hoja kwamba nchi haina fedha. Wiki chache baadaye, umma ukajikumbusha kwamba ratiba ya SRC ya mwaka uliotangulia ilikuwa imewawekea wabunge na mawaziri nyongeza nyingine kuanzia Julai 1. Mtu aliyesoma udaktari miaka sita angelipwa chini ya sehemu moja ya kumi ya mshahara wa mbunge, na bado mbunge ndiye aliyekuwa akiongezewa. Vijana waliokuwa tayari barabarani kwa sababu ya Mswada wa Fedha hawakuhitaji kufafanuliwa zaidi. Mwanzoni mwa Julai Rais William Ruto aliagiza nyongeza hiyo itazamwe upya, na SRC ikaisimamisha.

Mfano wa daktari unatuleta kwenye sifa, na hapa mkanganyiko ni mkubwa zaidi kuliko kwenye fedha. Mwalimu hawezi kuingia darasani bila cheti cha ualimu na usajili wa Tume ya Huduma za Walimu. Mbunge je? Sheria ya Uchaguzi ya 2011 iliweka sharti la masomo ya baada ya sekondari, ambalo halikutumika kwa wabunge katika uchaguzi wa 2013. Marekebisho ya 2017 yakaja na sharti la shahada ya chuo kikuu, lakini yakaahirishwa hadi uchaguzi uliofuata, na kabla ya Agosti 2022 Mahakama Kuu ikawa imelifuta kwa wabunge na kwa wawakilishi wa wadi. Shahada imebaki kuwa lazima kwa anayetaka urais au ugavana pamoja na manaibu wao. Kwa hiyo anayesema kwamba mbunge wa Kenya lazima awe na digrii amekosea, na anayesema kwamba hakuna sharti lolote amekosea pia, kwa kuwa Kifungu cha 99 kinamtaka awe mpiga kura aliyesajiliwa, atimize masharti ya maadili, asiwe amefilisika wala kuwa anatumikia kifungo cha miezi sita au zaidi.

Kwa nini nchi inamdai mwalimu cheti na isimdai mtunga sheria? Fikiria ukoo unaopeleka posa. Wazee hawamchagui msemaji kwa kutazama vyeti vyake. Humchagua kwa sababu anaijua familia, ana ulimi, na akikubali jambo huko ukweni, ukoo wote utajifunga nalo. Anaweza kuwa hajamaliza darasa la nane na akawa msemaji bora kuliko profesa wa ukoo huo huo. Mbunge ni mtu wa namna hiyo: ni mwakilishi kwanza, na utaalamu wa kuandika sheria na kusoma hesabu unaweza kupatikana kwa wanasheria na wachambuzi wa bajeti ambao Bunge limewaajiri. Sharti la shahada lingekuwa limewafungia nje Wakenya wengi zaidi ya liliowaruhusu, wakiwemo wakulima, wavuvi na wafugaji ambao ndio wengi wa wanaowakilishwa.

Naikubali hoja hiyo, lakini ina ncha ya pili ambayo wabunge huwa hawaigusi. Mshahara mkubwa wa daktari au rubani hutetewa kwa miaka aliyosoma na uhaba wa watu kama yeye. Ikiwa mbunge anawekwa pale kwa kuaminiwa na si kwa utaalamu, basi hoja ya utaalamu haiwezi kutumika anapodai alipwe kama mkurugenzi wa benki. Msemaji wa posa hupewa nauli, hukirimiwa, na pengine hufungiwa kanga ya mkewe. Halipwi sehemu ya mahari.

Alipwe kwa nini basi? Historia ya Uingereza, ambako mfumo wetu wa Bunge ulitoka, inasaidia kidogo. Hadi mwaka 1911 wabunge wa kule hawakuwa wakilipwa mshahara, na matokeo yake ni kwamba ubunge ulikuwa wa wenye mashamba na viwanda, au wa wachache waliofadhiliwa na vyama vya wafanyakazi. Mshahara wa pauni 400 kwa mwaka ulioanzishwa mwaka huo ulikusudiwa kumwezesha mchimba makaa kuacha mgodi na kuketi bungeni bila watoto wake kulala njaa. Hiyo ndiyo sababu iliyo imara. Sababu nyingine, kwamba mbunge akishiba hataiba, inasikika sana lakini haina miguu mirefu: kashfa nyingi za fedha za umma zimewahusu watu ambao hawakuwa na njaa.

Wabunge wenyewe wana utetezi mwingine, na si wa kupuuzwa. Ajira yao ni ya miaka mitano, haina hakikisho la kurudi, na kila Jumamosi nyumbani kwao kuna foleni ya watu wenye kadi za mchango wa matanga, harusi na karo. Hilo ni kweli, na sisi wananchi ndio tulio kwenye foleni. Rais alipopiga marufuku maafisa wa serikali kushiriki harambee mwezi ule ule wa Julai 2024, wapo wabunge waliopumua. Lakini michango hiyo haikuwahi kuwa kazi ya mbunge kisheria, na kuipandishia mshahara ni kuifanya hazina ya taifa ilipe gharama ya kampeni ya aliyeko madarakani dhidi ya mpinzani asiye na mshahara huo.

Tanzania imechukua njia tofauti. Ibara ya 73 ya Katiba ya 1977 inasema wabunge watalipwa mshahara, posho na malipo mengine kwa mujibu wa sheria iliyotungwa na Bunge, na hakuna tume ya kikatiba kama SRC inayokitangaza kiwango kwa umma. Matokeo yake ni kwamba takwimu huja kwa uvumi au kwa ugomvi. Mwaka 2011, mwaka ambao mbunge Zitto Kabwe alikataa kupokea posho za vikao, iliibuka habari kwamba posho hiyo imepanda kutoka shilingi za Tanzania 70,000 hadi 200,000 kwa kikao, na Spika Anne Makinda akaitetea kwa kutaja ugumu wa maisha Dodoma. Mwaka 2014 wajumbe wa Bunge Maalumu la Katiba walipangiwa shilingi 300,000 kwa siku, na wapo waliosimama kulalamika kwamba hazitoshi. Kwa kulinganisha, kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai 2025. Kuhusu sifa, Ibara ya 67 inamtaka mgombea awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na awe mwanachama aliyependekezwa na chama cha siasa. Mkenya anaweza kugombea bila chama, Mtanzania hawezi.

Uchaguzi mkuu ujao wa Kenya umepangwa kufanyika Agosti 10, 2027. Matangazo ya SRC ya 2017 na ya 2022 yalitoka wiki chache kabla ya watu kupiga kura, na yakiwa hivyo tena, kila mgombea atapigiwa kura akiujua mshahara wake hadi shilingi ya mwisho, jambo ambalo ni waombaji kazi wachache nchini wanaobahatika kulipata.